Adui wa katuni aogopwe kwanza, sababu zije baadaye

Kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu, Mbagala, tulikoangalia filamu, kila mtoto alijua kwamba steringi hafi. Kwa hiyo tuliyekuwa tunamsubiri ni adui. Hata mtafsiri alilijua hilo: maneno ya steringi aliyapitisha mbiombio, lakini adui akiingia alishusha sauti, akayavuta maneno, na sisi wa benchi la mbele tukaanza kujisogeza nyuma. Masteringi wa miaka ile wengi wamenitoka kichwani. Maadui bado wapo.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya ubishi uliozuka nyumbani kwa dada, Tabata. Binti yake wa miaka 7 aliwekewa kwenye flashi Avatar: The Last Airbender, katuni ya Kimarekani ya vipande 61 iliyorushwa kati ya 2005 na 2008, inayomhusu Aang, mtoto anayetakiwa kuvizima vita vya Taifa la Moto. Shemeji alimsikia binti akiweweseka usiku, asubuhi akataka flashi ifutwe. Hoja yake ya pili ilikuwa nzito kuliko ya usingizi: maadui wa humo wanahurumiwa. Kwake yeye adui wa mtoto awe mbaya tu, mtoto ajue mbaya ni mbaya. Dada akakataa. Mtu mbaya asiye na sababu, alisema, mtoto hatamkuta popote, si shuleni wala mtaani, sasa amkumbuke ili iweje?

Shemeji ana hadithi za bibi nyuma yake. Zimwi linalomtia binti ndani ya ngoma na kuzunguka naye vijijini likimwimbisha halikuwahi kuelezewa utoto wake, na sisi hatukuuliza. Tulichotaka kujua ni kama ndugu zake wataitambua sauti iliyomo ngomani. Fisi naye ana jambo moja tu, ulafi, na hilo moja limemtosha vizazi na vizazi. Kwa mtoto mdogo hiyo ni nguvu kubwa: adui mwenye tamaa moja inayoeleweka upesi anashika kuliko mwenye maelezo marefu. Kwa wadogo kabisa naona hata huyo anaweza kusubiri. Katuni ya Akili and Me, inayotengenezwa na Ubongo hapahapa Dar es Salaam, inamfuata mtoto wa miaka 4 anayejifunza herufi na namba ndotoni, na watoto wanaimba naye bila kuhitaji mtu wa kumkimbia.

Lakini katuni aliyotaka kuifuta inampinga shemeji yenyewe, kwa sababu ina maadui watatu wa nyumba moja na hawakumbukwi sawasawa. Baba, Ozai, mtawala wa Taifa la Moto, ndiye mbaya moja kwa moja. Misimu miwili ya kwanza uso wake unafichwa. Tunaona umbo gizani na moto, tunasikia sauti, na wakati huo anatisha kweli. Msimu wa tatu uso unaonyeshwa, na kwa maoni yangu anapungua hapo hapo. Anataka kuitawala dunia, basi. Mpwa wangu anamwita "yule baba yao". Jina halijamkaa.

Mwanawe Zuko anaingia kama mwindaji: kijana wa miaka 16, upande mmoja wa uso umeungua, anawafokea mabaharia wake huku akimsaka Aang. Tunapewa vidokezo tu mpaka kipande cha 12, ndipo kisa cha lile kovu kinasimuliwa chote. Akiwa na miaka 13 alipinga, mbele ya baraza la vita, mpango wa kuwatoa kafara askari wapya. Akaamriwa apigane. Alipogeuka kumwona mpinzani, akakuta ni baba yake mwenyewe. Akapiga magoti kuomba radhi, na baba akamuunguza uso kisha akamfukuza nchini.

Hapo dada anapata ushahidi wake. Mimi ninachokiona zaidi ni mpangilio. Kisa kile kingewekwa kipande cha kwanza, tungemwonea Zuko huruma tangu mwanzo, na kumwona akiingia kijijini kwa watu na meli yake ya chuma kusingetushtua. Hofu ilitangulia, ikakaa, ndipo sababu zikaikuta. Adui anayeletwa asubuhi na kulizwa jioni hanishiki hata awe na kisa cha uchungu namna gani.

Anayebaki kichwani kuliko wote, kwangu na kwa mpwa wangu, ni Azula, mdogo wake Zuko, na yeye hasamehewi. Mapema msimu wa pili tunamkuta kwenye mazoezi ya kurusha radi. Wazee wawili wanaomfundisha wanamwambia amekaribia kukamilika, unywele mmoja tu umetoka mahali pake. Anakasirika. Anarudia zoezi lote kwa ajili ya unywele mmoja. Mwishoni mwa katuni yuko mbele ya kioo ameshika mkasi, anazikata nywele zake mwenyewe ovyoovyo. Mtoto wa Tabata anayekaa saa tatu kati ya magoti ya msusi akiambiwa atulie, hahitaji hotuba kuelewa kwamba kuna kitu kimekatika ndani ya yule binti. Anamwogopa bado. Sababu imeonyeshwa, hatia haijafutwa, na hilo hasa ndilo shemeji alilokuwa analitaka bila kujua kwamba limo.

Kuna jambo ambalo shemeji hakulisema, na angelisema ningemuunga mkono. Katika The Lion King ya 1994 adui ameitwa Scar, yaani kovu, na fisi mmoja ameitwa Shenzi, jina ambalo watoto wetu hawahitaji kutafsiriwa. Scar hasahauliki, nakubali. Ila nimewahi kupanda daladala ya Mbagala, mtoto akamnyooshea kidole konda mwenye kovu shavuni: "Mama, adui huyo." Konda aligeukia mlangoni, akaendelea kuita abiria. Mama alishindwa pa kutazama. Kumbukumbu ya namna hiyo inalipiwa na mtu mwingine. Kovu la Zuko liko usoni vilevile, lakini linasema alichotendewa. Watengenezaji wetu wakianza kuchora maadui, na natamani waanze, sura iliyoumia isiwe njia ya mkato.

Flashi haikufutwa. Walikubaliana katuni isiangaliwe baada ya chakula cha usiku. Jumamosi niliwakuta watoto uani wakigawana nafasi za mchezo. Aang alichukuliwa na mtoto wa jirani. Nafasi ya Azula iligombewa na wawili mpaka wakapeana zamu. Wa kuwa Ozai hakupatikana, wakasimamisha ndoo.