Shimo jeusi ni bosi wa galaksi au wanakula tu sufuria moja?

Ukikaa na vijana wa fizikia hapa Kampala stori ikafika kwa mashimo meusi, yale mazito ambayo hata mwanga hautoki ndani yake, utasikia "hilo ndo linaendesha galaksi nzima". Hawajakosea sana ila wanaruka hatua. Mwaka 2000 timu mbili zilionyesha kwamba kadri nyota za ule uvimbe wa katikati ya galaksi zinavyokimbia kwa kasi, ndivyo shimo la pale kati linavyokuwa zito. Cha ajabu, shimo lenyewe ni dogo mno ukilinganisha na galaksi, hili la galaksi yetu ya Njia ya Maziwa lina uzito wa kama Jua milioni 4 hivi, mvuto wake haziusikii hata nyota nyingi za huo uvimbe. Sasa limejuaje saizi ya galaksi?

Wa upande wa bosi watakupeleka kwa kundi la galaksi la Perseus. Pale kati kuna NGC 1275, imezungukwa na gesi ya moto ambayo ingetakiwa ipoe izae nyota kwa fujo, lakini picha za eksirei za darubini ya Chandra zinaonyesha mapovu makubwa ndani ya hiyo gesi, yamepulizwa na jeti, yaani mikondo ya kasi inayorushwa kutoka pembeni mwa shimo, na gesi haipoi vile ilivyotarajiwa. Hapo mimi nakubali kabisa.

Lakini hiyo ni breki ya kuzaa nyota, sio chanzo cha ule uwiano wa uzito wa shimo na galaksi yake. Watoto wawili wakila sufuria moja wakanenepa wote, utasema mmoja kamnenepesha mwenzake? Gesi ikishuka katikati inalisha shimo na inazaa nyota, halafu galaksi zikiungana mara nyingi mashimo yao nayo yanaungana, na kuna mahesabu ya 2011 yaliyoonyesha hiyo peke yake inaweza kuleta uwiano bila bosi yeyote. Angalia pia galaksi jirani yetu M33: diski nzuri ya nyota, uvimbe karibu hakuna, na shimo kubwa halijaonekana.

Sasa darubini ya James Webb imeleta vurugu, kwa galaksi za mbali sana, tunazoziona zilivyokuwa zamani, inaona mashimo mazito kupita kiasi, mengine yanakadiriwa kufika sehemu ya kumi ya uzito wa nyota zote za galaksi yake, wakati kwa galaksi za karibu nasi kawaida ni chini ya asilimia 1. Wengine washasema basi shimo lilitangulia. Mbona haraka? Shimo linalokula sana ndo linalowaka, ndo utaliona kwanza, yale madogo yaliyolala kwa umbali ule hayaonekani, na mpaka yapimwe hayo mimi bado niko upande wa sufuria.