Mjusi wa Kimboza, pupa wa Amani: katazo moja haliwafai wote

Msitu wa Kimboza uko chini ya milima ya Uluguru, Morogoro Vijijini, juu ya miamba ya chokaa, na eneo lake ni kama hekta 400 tu. Humo anaishi mjusi mdogo aitwaye kitaalamu Lygodactylus williamsi. Dume ana rangi ya buluu inayong'aa mpaka mtu adhani amepakwa. Jike na watoto wana rangi ya kijani au hudhurungi. Nje ya Kimboza anapatikana kwenye vipande vichache vya misitu ya karibu, na hata ndani ya msitu hakai kila mahali: anategemea miti iitwayo mikadi (Pandanus), kwa kawaida dume mmoja na majike kadhaa kwenye mti.

Watafiti walikadiria kuwa mwaka 2009 Kimboza ilikuwa na mijusi wakubwa wapatao 150,000. Kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, kundi moja tu la wakamataji lilikuwa limetoa angalau 32,310, pengine hadi 42,610. Idadi hiyo inatisha, lakini kilichoumiza zaidi ni namna ya kukamata. Mjusi hujificha kati ya majani marefu yenye miiba, kwa hiyo wakamataji walikuwa wakiangusha mkadi mzima. Aliyeponyoka hakuwa na pa kurudi. Ndiyo maana mgawo, yaani kikomo cha idadi ya kukamatwa, unaohesabu vichwa peke yake usingemlinda mjusi huyu: mti hauhesabiwi.

Tanzania haikutoa kibali cha kumsafirisha. Hata hivyo aliuzwa Ulaya kwa miaka kama mnyama wa kufugwa nyumbani, kwa sababu hakuwa kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na ofisa wa forodha kule hakuwa na hati ya kudai. Marekani ina Sheria ya Lacey, inayofanya kosa kuingiza kiumbe aliyechukuliwa kinyume cha sheria za nchi anakotoka. Umoja wa Ulaya haukuwa na sheria ya jumla ya namna hiyo. Akishavuka mpaka wetu, kosa lilibaki huku.

Tundu hilo lilizibwa kwenye mkutano wa CITES, Johannesburg, mwaka 2016. Tanzania na Umoja wa Ulaya walipendekeza pamoja kumweka mjusi huyu kwenye Kiambatisho I, orodha yenye masharti makali kuliko zote, na uamuzi ukaanza kutumika Januari 2017. Tangu hapo, aliyetoka porini haruhusiwi kuvuka mpaka kwa biashara. Kwa madhumuni mengine, kama utafiti, hutakiwa vibali viwili: cha nchi inayopokea na cha nchi inayotoa.

Wafugaji wa Ulaya wana hoja, na si ya kupuuzwa. Mjusi huyu huzaa vizuri kifungoni. Jike hubandika mayai, kwa kawaida mawili, na hurudia mara kadhaa kwa mwaka. Wanasema soko likijaa waliozaliwa kifungoni, hakuna atakayehangaika na wa Kimboza, na kwamba makatazo hupandisha bei na kumnufaisha mtoroshaji.

Tatizo liko kwenye karatasi. Alama C kwenye kibali, yaani amezaliwa kifungoni, haitolewi kwa sababu tu yai lilianguliwa ndani ya tangi la kioo. Wazazi wa mwanzo lazima wawe walipatikana kihalali. Kama nchi ya asili haikutoa kibali, mfugaji atathibitisha nini? Mkaguzi naye anaweza kufanya hesabu rahisi: majike watatu hawawezi kutoa watoto mia tano kwa mwaka. Shehena ya wakubwa watupu, wenye mikia iliyoota upya, makovu na utitiri, nayo haifanani na waliokulia pamoja kwenye tangi. Biashara ya kifungoni inaweza kupunguza shinikizo pale tu daftari la mayai na wazazi linapokaguliwa. Bila hilo inageuka mahali pa kusafishia mali ya wizi.

Kwa mjusi huyu, basi, naona katazo ni sahihi, ingawa halitoshi. CITES haigusi moto wala Cedrela odorata, mti wa mbao wa kigeni ulioenea Kimboza na kubana mimea ya asili.

Mambo yanabadilika tukitazama katazo la Mei 2016, serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai wote kwa miaka mitatu. Hasira ya umma ilieleweka. Nani amesahau twiga waliotoroshwa kwa ndege kutoka uwanja wa Kilimanjaro (KIA) mwaka 2010? Lakini katazo la jumla liliwakumba pia wafuga vipepeo wa Amani, Usambara Mashariki. Kazi yao haifanani na ya Kimboza hata kidogo. Wanakamata vipepeo wachache porini, wanawaweka kwenye kizimba chenye mmea unaoliwa na viwavi wao, wanalea viwavi, kisha wanauza pupa, yaani kiwavi aliyejifunga kabla ya kuwa kipepeo, kwa nyumba za maonyesho za ng'ambo. Mmea ule hutoka msituni, kwa hiyo msitu ukifyekwa kipato kinakatika. Kenya ina mradi wa aina hiyo, Kipepeo, huko Gede kando ya Arabuko-Sokoke, tangu mwaka 1993. Pupa naye hasubiri mjadala: akichelewa siku chache anatoka kipepeo kabla ya kufika.

Juni 2022 TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori Tanzania, ilitangaza kuwaruhusu wafanyabiashara kusafirisha wanyama waliobaki mikononi mwao, kwa miezi sita. Kelele zikapigwa, na waziri wa maliasili na utalii wa wakati huo, Pindi Chana, akasitisha. Mjadala ukawa wa ndiyo au hapana kwa wanyama wote, huku swali la spishi ipi, imekamatwaje na nani amehesabu likikosa nafasi.

Leseni ya pupa ingeweza kutengwa na ya wanyama wengine: orodha fupi ya spishi zisizo hatarini, kila mfugaji na daftari lake la vipepeo wazazi na pupa waliouzwa, na ukaguzi wa vizimba kijijini kabla shehena haijafungwa. Anayetaka kumfungulia mlango mjusi wa Kimboza aanze kwingine: sensa mpya, hesabu ya mikadi iliyosimama, na njia ya kukamata isiyohitaji panga.