"Mlima ni ofisi," alisema baba mdogo

Baba yangu mdogo alikuwa mgumu Kilimanjaro kwa zaidi ya miaka 20. Kwa asiyetoka kwetu, mgumu ni mpagazi, yule anayetangulia na mahema, mitungi ya gesi na viti vya wageni, ili wakifika kambini wakute chai imechemka. Siku hizi mzigo una kikomo, kilo 20, na unapimwa getini. Yeye alianza enzi ambazo mzani ulikuwa bega lako mwenyewe. Nikiwa mtoto, pale Marangu, niliwahi kumuuliza kwa nini hatupeleki huko juu hata siku moja. Akanijibu huku anafunga kamba ya kiatu: "Mlima ni ofisi. Nani anakwenda ofisini Jumapili?"

Nilicheka, kisha nikalibeba jibu hilo hadi München, Ujerumani, ninakoishi mwaka wa tano sasa. Miaka miwili ya mwanzo wikendi zangu zilikuwa za ndani. Kulala kwanza, maana zamu za usiku za kuhudumia wagonjwa zinakausha mtu. Kufua, kupiga simu nyumbani, halafu jioni kwa Mtanzania mmoja au mwingine, pilau, kachumbari na ubishi wa Simba na Yanga hadi treni ya mwisho. Sina neno na maisha hayo, bado nayaishi. Ila kila Jumatatu wenzangu kazini wakiulizana walikuwa wapi, jibu ni moja: mlimani. Mvua ilinyesha? Mlimani. Ana miaka 67 na goti la chuma? Mlimani. Nikawa najiuliza, hawa watu kwao hawana sebule?

Wapo wanaosema sisi Waafrika wa ughaibuni hatuna utamaduni wa kutembea. Nimelisikia kutoka kwa Wajerumani, na nimelisikia pia kutoka kwa Watanzania wenzangu, wakilisema kwa namna ya kujicheka. Silikubali. Mama yangu ametembea kwa miguu maisha yake yote: ndizi kichwani kwenda sokoni, majani ya ng'ombe mgongoni kurudi. Tulichokosa ni sababu ya kutembea bure. Ukikua unaona njia ya mlimani ni ya kazi, kupanda na kushuka bila mzigo wowote kunafanana na uvivu, au na wazimu. Nilipomwambia mama kwa mara ya kwanza kuwa nimekwenda mlimani, aliuliza: "Kuna nani huko?" Nikasema hakuna mtu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama kazi bado ninayo.

Safari hiyo ya kwanza alinivuta mwenzangu wa zamu. Treni hadi Kochel, kisha basi hadi ziwa Walchensee, kupanda Herzogstand. Nikaangalia kwenye simu: mita 1,731. Nikacheka kwa sauti. Lango la Marangu, mahali ambapo mgeni anaandika jina kabla hajapiga hatua, liko juu kuliko kilele hicho! Basi nikavaa raba na jinzi, nikachukua chupa moja ya maji, nikaenda kama mtu anayekwenda dukani.

Ziwa liko kwenye mita 800 hivi, kwa hiyo ni zaidi ya mita 900 za kupanda, njia inajikunja na kujikunja msituni. Magoti yangu hayakujua kwamba nimezaliwa Marangu. Baada ya saa moja bibi mmoja mwenye fimbo mbili alinipita, akanisalimia, wala hapumui kwa nguvu. Nikakumbuka neno ambalo baba mdogo amewaimbia wazungu maelfu: pole pole. Nikajiimbia mwenyewe.

Salamu zile zilinishangaza kuliko mandhari. Mjini München unaweza kupanda lifti na jirani mwaka mzima bila neno. Mlimani kila anayekupita anasema "Servus" au "Grüß Gott", na hilo la pili maana yake ni kama Mungu akusalimu. Kwetu ukimpita mtu mzima njiani bila shikamoo, habari inafika nyumbani kabla yako. Kumbe na hawa wanayo adabu hiyo, wameiacha mlimani tu.

Jambo jingine lililonifurahisha ni vibao. Vibao vya njano vya njia za milima hii ya Alps vinakuandikia saa badala ya kilomita: saa moja na nusu, saa mbili na robo. Sisi pia tunapima njia kwa muda, tatizo letu ni kwamba muda wenyewe ni "hapo tu". Na njia zina rangi zake, bluu kwa nyepesi, nyekundu kwa ya wastani, nyeusi kwa ile ambayo ukiteleza hutasimulia. Nyeusi niliijaribu mara moja. Niligeuka nikarudi, wala sioni aibu.

Juu ya Herzogstand unaona maziwa mawili kwa mpigo. Walchensee la kijani upande mmoja, na Kochelsee upande wa pili, chini yake kwa mita 200 hivi. Tangu 1924 Wajerumani wanaporomosha maji ya ziwa la juu kwenye mabomba hadi la chini na kupata umeme. Nilikaa nikatazama, mkate wangu mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu nije Ulaya sikuwa nahesabu chochote: wala saa za zamu, wala pesa za kutuma, wala siku zilizobaki kwenye kibali.

Wakati wa kushuka mvua ikatukuta, na raba zangu zikawa sabuni. Nilianguka mara tatu. Basi la mwisho likatuacha, kosa letu wenyewe, tukasimama barabarani tunatetemeka hadi familia moja ikatupakia kwenye gari. Tangu siku hiyo nina viatu vya mlimani, na ninaangalia saa ya basi la kurudi kabla ya kuangalia ile ya kwenda. Najua pia kwamba namba ya dharura ni 112, na kwamba kama simu haishiki mtandao unatoa ishara mara 6 kwa dakika, kwa filimbi au tochi, unapumzika dakika moja, unarudia. Huo ni ujuzi wa bure ambao hakuna aliyenipa kwenye kozi ya lugha.

Gharama ndiyo kisingizio tunachokitanguliza, nami nilikitumia sana. Lakini wengi wetu tayari tuna ile tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima kwa ajili ya kwenda kazini. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49, ikapanda hadi 58 mwaka 2025, na 63 mwaka 2026. Kupanda kwa bei kunaudhi, ndiyo, ila tiketi hiyohiyo inakupeleka Garmisch, Berchtesgaden au Kochel Jumamosi bila senti ya ziada, mradi usipande treni za mwendo kasi. Chakula nunua Jumamosi, maana Jumapili maduka yamefungwa. Beba na noti mfukoni, nyumba nyingi za mlimani hazina habari na kadi.

Hapa nitawaudhi marafiki zangu. Kuna mtindo wetu wa "kuzunguka Ulaya": Ijumaa usiku kwenye basi, Paris asubuhi, Brussels jioni, Amsterdam Jumapili, Jumatatu uko kazini umevimba miguu. Nimefanya. Ninazo picha za mnara, na katika zote nina sura ya mtu aliyelala kwenye kiti. Bonde moja la Bavaria, jimbo hili la München, ulilolitembea kwa siku nzima, linakaa mwilini muda mrefu kuliko miji mitatu uliyoipitia unatafuta choo.

Kuna kitu kizito zaidi kinachotuweka ndani, nacho ni kutazamwa. Ni kweli, mara nyingi mimi ndiye mweusi pekee kwenye njia. Mara moja mtu aliniuliza kama nimepotea, na sidhani alikuwa na nia mbaya, lakini swali lilinisumbua hadi kileleni. Ndipo mwenzangu akanionyesha Katiba ya Bavaria ya mwaka 1946, ibara ya 141. Inasema kufurahia uzuri wa asili, kuingia msituni na kwenye malisho ya milimani, hata kuokota matunda ya porini, ni ruhusa kwa kila mtu. Niliisoma mara mbili nikitafuta mtego. Haikusema kila raia, wala kila mwenye kibali cha kudumu. Na uyoga umo, wanaoupenda wanaijua ibara hiyo kwa moyo.

Kisa kilichoniingia zaidi kilitokea kwenye meza ya mgahawa wa mlimani, mbele ya supu ya dengu. Mzee mmoja aliuliza ninatoka wapi. Nikasema Kilimanjaro, Marangu kabisa. Uso ukamng'aa, akatoa simu, na huyo hapo, Uhuru, mita 5,895, barafu kwenye ndevu. Akaniuliza mimi nilipanda kwa njia ipi. Nikasema sijapanda. Akadhani hajanisikia vizuri, akarudia swali.

Nimelifikiria sana swali lile. Mwaka 1889 Hans Meyer wa Leipzig na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kileleni, na anayekumbukwa kwetu kama kiongozi wao ni Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu. Meyer akakipa kilele jina la mfalme wake, akamletea na jiwe, likawekwa kwenye ukuta wa ukumbi mmoja wa kasri huko Potsdam. Kwa Wajerumani wa zama hizo Kilimanjaro ulikuwa mlima mrefu kuliko yote katika himaya yao. Jina likabadilika na mwenge ukawashwa juu Desemba 1961. Lakini miaka zaidi ya 130 baada ya Lauwo, mzee wa Bavaria amefika kileleni kwa mlima wangu, na mimi nimefika kwa mlima wake tu. Na aliyembebea mzee yule hema, kwa ninavyojua mimi, anaweza kuwa baba mdogo.

Mwezi Oktoba nilipiga simu ya video nikiwa juu ya Herzogstand, mara yangu ya nne pale. Baba mdogo sasa miguu inamsumbua, anakaa barazani na kahawa. Nikamzungushia kamera: maziwa, theluji ya kwanza kwa mbali, watu wanakula mikate.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Huo ndio mlima?"

"Ndio wenyewe."

"Mfupi. Na mizigo amebeba nani?"

"Nimebeba mwenyewe."

"Kilo ngapi?"

"Saba."

Alicheka hadi akakohoa, akamwita mama mdogo aje aone.