Mti Wangu Umepigwa X

Jamani, mimi si mtu wa ugomvi. Hata kwenye foleni mtu akinichomekea, naugunia mgongo wake tu, basi. Lakini juzi nilikaa bustanini kwenye benchi langu, nikaegemea mti wangu kama kawaida. Kurudi nyumbani, mama watoto ananiuliza, "Nani kakuchora X mgongoni?"

Rangi nyekundu, mbichi. Kumbe mti umepigwa X ya kukatwa, na mimi nimebeba nakala.

Ukatwe kwa nini? Eti uwanja wa michezo, kwa ajili ya afya zetu. Sasa mazoezi pekee ninayofanya wiki nzima ni kutembea kutoka nyumbani hadi kwenye ule mti. Ukiukata, nitakuwa natembea kwenda wapi?

Tukaitwa mkutanoni. Ofisa mmoja, shati limenyooka huoni mkunjo, akabandika picha ukutani. Uwanja wa mita 105 kwa 68, nyasi za kijani kuliko kasuku, watu wanatabasamu. Nikaikazia macho ile picha. Hakuna hata mtu mmoja mwenye kivuli! Jua lipo, watu wapo, vivuli vimeshakatwa. Nikapiga hesabu kiganjani: mita za mraba 7,140. Na hapo bado majukwaa na maegesho, maana gari nalo sharti lije kutazama mpira.

"Na nyasi zenyewe ni bandia, hazitaki maji," akasema kwa majivuno. Hazitaki maji, sawa, lakini jua kali la mchana likizipiga zinaweza kupita nyuzijoto 60, na katikati yake humwagwa chenga za matairi chakavu. Yaani tunang'oa kitu kinachovuta maji ardhini na kuyatoa majanini kama mvuke, hewa ikapoa, bila umeme wala bili, halafu tunatandika tairi. Na hilo tairi baada ya miaka 10 hivi limechakaa, linang'olewa, linatandikwa jingine. Mti wangu sijawahi kusikia umekuja fundi kuubadilisha.

"Kila mti mmoja tutapanda mitatu," akatutuliza. Watu wakapiga makofi, na mimi nusura nipige. Nikazinduka. Hiyo si sawa na kumchukua babu yangu ukaniletea vichanga watatu? Tutawapenda, lakini nani atawanywesha? Miche ya sherehe iliyopita ilipigwa picha kuliko bibi harusi. Leo kimebaki kibao chenye jina la aliyeipanda.

Sisemi vijana wasicheze. Kijana wa jirani yangu alisimama akasema kweli tupu: wanachezea barabarani, kipa ana kazi mbili, kudaka mpira na kuchungulia magari. Nikamhurumia. Ila nikamuuliza, "Mwanangu, kipindi cha mapumziko mnakaa wapi?"

Akajikuna kisogo. "Pale kwako, mzee."

Na nyuma ya bustani kuna kiwanja kitupu, hakina hata kichaka. Ofisa anasema kile kina mteremko, kukisawazisha ni gharama. Mti mkubwa kuliko nyumba unaondoka, kijilima kinachofika magotini kimeshindikana!

Tukaamua kupinga. Mmoja akamtaja Wangari Maathai, yule mtetezi wa miti wa Kenya, aliyesimama mwaka 1989 kupinga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, na kweli halikujengwa. Wote wakanigeukia mimi. Sijui kwa nini. Labda shati, maana lilikuwa lilelile lenye X.

Siku ya wapimaji kuja, kila mtu akapangiwa mti wa kukumbatia. Nikaukumbatia wangu kwa moyo wote. Sasa unene wa shina hupimwa kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, na kwangu mimi hapo ndipo kifua kinapoanza kuitwa kitambi. Mpimaji hakutaka maneno. Akazungusha utepe, ukatukumbata wote wawili, akaandika. Kwenye makaratasi yao huo mti sasa umenenepa kwa juhudi zangu.

Kitu ambacho hakuna aliyenieleza ni kwamba ule mti una wapangaji. Maji moto, wale sisimizi wakali wa mitini. Wa kwanza alipita kwenye kola kimya kimya kama mtu anayechungulia chumba. Nikajikaza, mwanaharakati halii. Kisha wakaingia na familia zao.

Nilichomoka pale, jamani, sikuwa mimi! Nilikata bustani yote, nikaruka benchi, nikaruka ndoo ya rangi nyekundu, shati nalivulia mbioni. Kijana wa jirani anaapa kwamba nilimaliza mita 105 zote bila kupumzika, nikageuza.

Niliposimama, nikamwona ofisa anaandika kitu kwenye daftari huku akitikisa kichwa kwa furaha. Mama watoto alikuwa karibu, akachungulia. Anasema ameandika: "Wakazi wameonyesha mwamko mkubwa wa michezo."