Bahari ya Shamu ya dola milioni 140

Tangu nihamie Texas nimetazama karibu kila filamu kubwa ya Biblia iliyoletwa kwenye majumba ya sinema, na nyingi zimenisikitisha. Fedha wanazo, wataalamu wanao, mitambo wanayo. Kisa chenyewe ndicho wanachokipa nafasi ndogo.

Chukueni Exodus: Gods and Kings ya Ridley Scott, iliyotoka mwaka 2014 kwa gharama ya takriban dola milioni 140. Musa ni Christian Bale, Mwingereza. Farao ni Joel Edgerton kutoka Australia. Watu weusi utawaona zaidi kwenye utumishi, na hiki ni kisa kilichotokea Misri, barani kwetu! Sehemu kubwa ilipigwa Hispania. Lakini kilichoniuma zaidi ni fimbo. Musa huyu anashika upanga, ni jemadari hodari wa vita. Yule mchungaji mwenye ulimi mzito, aliyemsihi Mungu amtume mtu mwingine mpaka akapewa Haruni wa kumsemea, hayupo. Ukishamwondoa huyo, bahari inaweza kujitenga vizuri namna gani, mimi sioni muujiza. Naona maji tu.

Nyumbani tulilelewa na sinema ya namna nyingine. Ile filamu ya Yesu ya mwaka 1979, iliyofuata Injili ya Luka na ambayo leo imetiwa sauti kwa lugha zaidi ya 2,000, ilitufikia kwa Kiswahili. Gari la wahubiri lilikuja na jenereta, shuka jeupe likafungwa uwanjani kwenye shule ya msingi, na jioni kijiji kizima kikajaa pale. Majirani zetu Waislamu walikuja pia na watoto wao. Hakuna aliyekaa kimya. Petro alipoanza kukana, bibi mmoja alipaza sauti, "Petro mwanangu, jogoo huyo anakuja!" Pilato alizomewa. Msalabani kina mama walilia kama wako msibani. Picha ilikuwa na mikwaruzo, sauti ilikatika mara kwa mara, lakini kisa kilikuwa cha watu wale. Mtengenezaji angekosea jambo, wangemsahihisha palepale.

Huku nimekaa kwenye kiti laini, bisi mkononi, na tulipotoka watu walizungumzia mawimbi yalivyotengenezwa kwa kompyuta. Siwalaumu. Wengi hawakukisikia kisa hicho utotoni, kwa hiyo hawana cha kukidai.

Nitende haki, lakini. Kila mwaka Pasaka inapokaribia, televisheni ya ABC huonyesha The Ten Commandments ya Cecil B. DeMille, ya mwaka 1956, na zipo familia hapa ambazo huitazama pamoja, babu hadi wajukuu, zaidi ya saa tatu na nusu. DeMille alipeleka kamera zake Misri kwenyewe. Uhuru wa huku nao nauheshimu: filamu ya Noah, inayosimulia kisa cha Nuhu, ilipozuiwa Qatar, Bahrain na Falme za Kiarabu kwa sababu ya kumwigiza nabii, hapa kila mtu aliachiwa aende au asiende. Nilikwenda. Majitu yale ya mawe sikuyapenda, ila nilifurahi kuamua mwenyewe.

Ninachokitamani ni kisa cha Naomi. Njaa inamtoa Bethlehemu, anakwenda Moabu na mume na wana wawili, anawazika wote watatu ugenini, kisha anarudi kwao mikono mitupu na mkwe mgeni ambaye amekataa kumwacha. Sisi tulioondoka kutafuta riziki tunamjua mama huyu. Wengine tumekaa naye meza moja hapa Houston. Hapo hapahitajiki dola milioni 140. Yatosha shamba la shayiri, na wanawake wawili wanaojua kuigiza. Dar es Salaam wapo, Nairobi wapo, na mwenye fedha akiwaita kesho watakuja.