Fundi, toa gundi ya zamani kwanza

Usukani ulianza kutetemeka nilipoiacha Makambako nikielekea Mbeya. Kwenye 70 shwari. Kwenye 90 mikono inacheza kama nimeshikilia mashine ya kukoboa. Nilipofika Igawa nikaegesha, nikapiga magoti kwenye changarawe, nikaingiza mkono na mwanga wa simu nyuma ya rimu ya mbele kushoto.

Kizito cha balansi, kile kipande kidogo kinachobandikwa kwenye rimu ili gurudumu lizunguke bila kutetemeka, hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na mstatili mweusi, mrefu kama kidole changu cha kati, umeshika vumbi jekundu. Nikaugusa kwa kucha: laini, unavutika kama bigijii iliyotafunwa. Nikakwangua kidogo, na chini yake nikakuta mstatili mwingine, wa kijivu, mkavu, umejikunja pembeni. Hapo nikaelewa. Siku nne kabla, fundi alikuwa amebandika kizito kipya juu ya gundi ya kizito cha mwaka juzi. Gundi mpya haikuwa imeishika rimu, iliishika gundi kuukuu iliyokwisha kukauka na kujikunja, na kwa msingi huo mbovu kizito hakikuwa na pa kujishikiza.

Nilipomrudia alinipokea kwa kicheko. "Bosi, gari yako unaikimbiza mno. Kasi ndiyo inang'oa risasi." Vizito vyote yeye huviita risasi, yale madini mazito, hata vikiwa vya chuma kitupu.

Hoja hii ya kasi nimeisikia kuanzia Mwanjelwa ya Mbeya hadi Ipogolo ya Iringa, na naona imeachwa itambe muda mrefu kupita kiasi. Tupige hesabu. Gurudumu la Toyota Altezza yangu, lenye tairi 215/45 la inchi 17, likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa huzunguka kama mara 14 kila sekunde. Kizito cha gramu 20 kilichobandikwa ndani ya rimu, kwa mzunguko huo, husukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo tatu. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne, yaani kilo 12 hivi. Ni nyingi, sibishi. Ila inasukuma kuelekea wapi? Kuelekea nje, mbali na ekseli. Na kizito cha kubandika hukaa upande wa ndani wa rimu kikiitazama ekseli, kwa hiyo nje yake ni rimu yenyewe. Ingekuwa kasi peke yake, kadiri unavyokanyaga mafuta ndivyo kingezidi kuganda. Labda kiwe kimebandikwa pale rimu inapoinama, hapo kitatambaa kando mpaka kianguke, na hilo nalo ni kosa la aliyebandika.

Adui mkubwa ni joto. Wanaokimbiza magari kwenye viwanja vya lami kama Silverstone au Nürburgring wanalijua hili kuliko sisi, kwa sababu diski zao za breki hupita nyuzi 500 bila shida, na rimu imezizunguka kama sufuria iliyofunika jiko. Gundi nyingi za vizito hazikuundwa kukaa muda mrefu kwenye joto la juu ya nyuzi 100. Na wakati mbaya zaidi hauji gari likiwa mbioni, maana upepo unapita. Unakuja gari likisimama: diski bado ni kaa la moto, hakuna upepo, joto lote linahamia kwenye rimu.

Sisi hatuna uwanja wa namna hiyo, lakini tuna mteremko wa Kitonga. Teremka kutoka Ilula umekanyaga breki mwanzo hadi mwisho badala ya kutumia gia ndogo, kisha simama Ruaha Mbuyuni ununue vitunguu. Umeipa gundi mtihani uleule wa gari la mashindano. Rafiki yangu anayeshiriki mbio za magari Iringa huwa hakubali gari lisimame ghafla baada ya kipande kigumu. Huliendesha polepole dakika chache kwanza ili breki zipoe, na hata likisimama havuti hendibreki.

Magari ya mashindano yana tatizo jingine ambalo gari la kwenda sokoni halina: breki zao ni kubwa, na nafasi kati ya kalipa (kile kibanio cha breki kinachobana diski) na rimu unaweza kuipima kwa unene wa kidole. Kizito kikiwa kinene, kalipa inakikwangua chote. Risasi halisi ni nzito, gramu 11.3 kwa kila sentimita ya ujazo, wakati chuma ni 7.8 tu, hivyo kizito cha chuma chenye gramu zilezile lazima kiwe kinene au kirefu zaidi. Ulaya walipiga marufuku vizito vya risasi kwenye magari madogo tangu 2005 kwa sababu ya sumu yake, na nadhani walifanya vyema, maana huku kwetu vinavyodondoka barabarani huokotwa na watoto. Cha kufanya ni kukata ule mkanda wa vipande vya gramu tano, kuutandaza mahali penye nafasi, kisha kuzungusha gurudumu kwa mkono kabla gari halijashushwa kwenye jeki. Ukisikia "tik" yoyote, hamisha.

Adui wa pili ni baridi, na huyu ni wetu kabisa. Watengenezaji wa tepu hizi za gundi hushauri zibandikwe kwenye nyuzi 21 hadi 38, na nyingi hazitakiwi kubandikwa chini ya 10. Sasa nenda gereji ya Uyole saa moja asubuhi mwezi Julai. Mafundi wameota moto wa matairi, rimu ukiigusa inauma kama bomba la barafu, na bado mtu anachana karatasi ya gundi na kubandika. Makete ndiyo usiseme. Inashika kwa macho tu. Tena gundi hii haikomai papo hapo. Baada ya dakika 20 inakuwa na nusu ya nguvu yake, baada ya siku moja kama asilimia 90, na hufika mwisho baada ya saa 72. Anayefanya balansi Ijumaa jioni ili akimbize gari Jumamosi asubuhi anajidanganya mwenyewe.

(Kabla hujamlaumu yeyote, ingiza mkono nyuma ya rimu. Ukiwa umetoka Tukuyu kipindi cha mvua, tope lililoganda humo linaweza kuwa na gramu nyingi kuliko vizito vyote vinne. Osha, kisha ndipo ulalamike.)

Nije kwenye kitu kinachonikera hasa, ile gundi ya zamani. Nimeona watu wakiikwangua kwa bisibisi na hata patasi, rimu ya alumini inabaki na mikwaruzo ambayo baada ya misimu miwili ya mvua inaota unga mweupe, na gundi haishiki juu ya unga. Nimeona msasa. Nimeona tina, ile ya kuyeyushia rangi, ambayo kweli inatoa gundi, na rangi ya rimu nayo inaifuata.

Njia yangu ni ya polepole. Kwanza joto: draya ya saluni, dakika mbili tatu, mpaka gundi ilegee. Kama kizito chenyewe bado kipo, chukua mshipi wa kuvulia samaki, upitishe nyuma yake na kuuvuta huku na huku kama unakata sabuni ya mche kwa uzi. Kinatoka kizima. Kinachobaki, kwangua kwa kipande cha plastiki, hata kadi ya simu kuukuu inafaa. Utando wa mwisho, ule unaonata vidole, upake mafuta ya taa au ya kula kwa kitambaa, uache dakika kumi ulowane, halafu sugua kwa kidole gumba. Unajikusanya wenyewe kuwa vijiti vidogo vyeusi kama uchafu wa raba ya daftarini. Wengine wanamwagia petroli. Kwenye breki ambazo hazijapoa? Mimi nasimama mbali.

Hapo wengi huishia, na hapo ndipo kosa linapozaliwa upya, kwa sababu rimu sasa ina mafuta na gundi mpya haipendi mafuta. Osha kwa maji ya moto na sabuni, kausha, kisha futa kwa spiriti na kitambaa safi mpaka kitambaa kitoke cheupe. Vitakasa mikono vya jeli, vile vilivyobaki majumbani tangu korona, visitumike: vingi vina glisirini ya kulainisha ngozi, nayo inaacha utelezi.

Pasha rimu kidogo kwa ileile draya, bandika, na bonyeza kwa gumba kwa nguvu zako zote, kipande kwa kipande, sekunde kumi kila kimoja. Gundi hii inaamshwa na mgandamizo. Kwa gari la mashindano ongeza tepu ya alumini, ile ya mafundi friji, ivuke kizito sentimita mbili kila upande na kingo zake zisuguliwe kwa mgongo wa kijiko mpaka zilale. Haizidi gramu moja au mbili. Mwisho, paka rangi ya kucha mstari mmoja, nusu kwenye kizito na nusu kwenye rimu. Mistari ikiachana, kizito kimetembea. Mke wangu alishangaa chupa yake nyekundu inaisha kwa kasi gani.

Jumanne nilirudi kwa fundi yuleyule, maana mashine yake ni nzuri na sina ugomvi naye. Nikamwambia nitalipia muda wa kusafisha, mara mbili ya bei yake. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa, kisha akaenda saluni ya jirani kuazima draya. Dada wa saluni akapaza sauti, "Mnakausha tairi?" Tulicheka, tukafanya kazi saa moja na nusu kwa magurudumu manne. Tulipomaliza fundi alinyanyua vile vijiti vya gundi kwenye kiganja, tabaka tatu kutoka rimu moja, akavitazama muda mrefu. "Hii ya chini kabisa," akasema, "nadhani niliiweka mimi."

Wiki iliyofuata niliteremka Kitonga kwa gia ya pili. Ruaha Mbuyuni nikainama na simu kabla ya kununua chochote. Mistari minne myekundu, imenyooka. Nikanunua vitunguu debe moja, nikaendelea na safari.