Barabara ya kusini: lami ilikuja na mashoka

Mwambie mtu wa Lindi au Mtwara kwamba barabara ya Kibiti-Lindi ilikuwa na hasara, atakutolea macho, na haki anayo. Kabla ya 2003 pale Ndundu mnavuka Rufiji kwa pantoni, masika ikichanganya basi linanasa siku kadhaa, abiria mnashuka kusukuma, mnakata matawi mnatupia chini ya matairi, mwenye hela anapanda meli. Korosho zipo, wanunuzi hawafikiki. Likaja Daraja la Mkapa, karibu kilomita nzima (Mkapa mwenyewe mtu wa Masasi, maneno yalikuwepo ila waliosema nao wakavuka), lami ikafuata kwa kusuasua, kipande cha Ndundu-Somanga kikabaki kero miaka mingi.

Sasa ishu iko hapa. Waliochangamkia daraja mapema ni watu wa magogo. Misitu ya Rufiji na Kilwa ilikuwa inalindwa na lile tope, hakuna askari wa misitu aliyekuwa na nguvu kama hiyo, kizuizi kilipoondoka malori yakaingia kubeba mninga na mkongo, mzigo unaenda bandarini Dar unavuka mpaka China, na kijiji kilichozaa huo mti kinaambulia vijisenti.

Kuna wanaosema bora wangechelewesha barabara. Hapo mimi sikubaliani nao hata kidogo, mama mwenye uchungu wa kujifungua hawezi kusubiri msitu uwekewe mpango. Afu angalia Kikole huko Kilwa, walipima msitu wao wakausimamia wenyewe, 2009 wao na wenzao wa Kisangi wakawa chini ya cheti cha FSC (shirika la kimataifa linalothibitisha kwamba msitu unavunwa kwa utaratibu), mpingo wao unauzwa kihalali na hela inarudi kijijini. Barabara ni hiyohiyo, malori yaleyale. Wenzao wasio na karatasi za msitu ndo walioliwa.

Kinachoniuma zaidi ni bahari, maana lami ilivyonoga tukaisahau kabisa. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zikakata barabara maeneo ya Somanga, mabasi na malori foleni, watu wanalala barabarani kama enzi za pantoni, na pale Somanga bahari iko hapo jirani tu, ila ile meli ya abiria ya Dar-Mtwara ya kukimbilia ndo hamna tena.